Mbuzi ya Kuchorea

Watu wengine hustaafu wakiwa na mvi na hotuba. Mimi nimestaafu nikiwa bado naombwa kitambulisho nikienda kununua laini ya simu. Daktari wa Msambweni alinisikiliza kifua, akanigeuza, akanisikiliza mgongoni, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia fundi wa mbao akavua vile vyombo vyake masikioni. "Dada, chagua," akasema. "Vumbi au pumzi." Nikamwomba anipe nafasi nimalize viti nilivyovianza. Alinitazama kama mtu aliyeombwa ruhusa ya kunywa sumu, lakini kidogo tu.

Basi viti nimemaliza, aproni nimerudisha, na sasa nimekaa barazani kwetu Jego na kalamu, maana nisipoandika nitaanza kuwafundisha kuku namna ya kukaa.

Nawaandikia nyinyi mliobaki karakana, hasa Kassim na Rehema ambao ndio kwanza mmeingia. Najua mna haraka. Mimi nilikuwa na haraka kuliko nyinyi wawili mkijumlishwa, na bado ninayo, ndiyo maana sitaanza na mambo ya vyeo. Pale kwetu cheo kilikuwa kimoja, Fundi Sudi. Wengine wote tulikuwa "hebu wewe".

Nilifika karakana hapo Bongwe baada ya fomu foo, cheti kiko ndani ya mfuko wa plastiki, mikono inawasha kushika msumeno. Fundi Sudi alikuwa ameshatengeneza milango na vitanda vya mahoteli miaka mingi, na wakati huo ndio kwanza alikuwa amegeukia samani za watoto. Nilimkuta amekaa mlangoni anaondoa kutu kwenye ulimi wa randa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, alhamdulillahi."

"Basi kaa."

Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu. Akaendelea na randa yake. Baada ya muda nikamuuliza kazi inaanza lini. "Imeanza," akasema. "Kazi yako leo ni kukaa. Kaa kwenye kila kiti kilichomo humu, uniambie wapi panauma."

Nikadhani ni mzaha wa kumpima mgeni. Nikazunguka haraka haraka, kiti hiki, benchi lile, nikarudi. "Hapaumi popote, fundi."

"Basi hujakaa. Kaa tena."

Wambua, ambaye mnamjua, tayari alikuwa pale. Ametoka Machakos, mdomo haufungi. Akachungulia kutoka nyuma ya rundo la plaiwudi. "Siz, karibu kazi ngumu. Mimi nilikaa wiki nzima, ndiyo unaona makalio yameisha."

Nilikaa siku nzima nimenuna. Mwishowe, kwenye kiti kimoja kizuri sana cha kutazama, nikahisi miguu imekufa ganzi nyuma ya magoti, pale ubao ulipokuwa unakata. Nikasema: hapa. Fundi Sudi akaja, akapitisha kidole kwenye ule ukingo, akaitikia kwa kichwa. "Mtu mzima akiumia pale anabadilisha mkao, anaendelea na mambo yake," akasema. "Mtoto akiumia hasemi panauma. Anasema hapendi kuchora. Mwalimu anaandika kwamba mtoto ni mtundu. Sasa umeanza kazi."

Kitu cha pili alichonifundisha ni ukindu. Mmeiona ile mikanda iliyokaushwa, imening'inia kwenye misumari ukutani, na labda mmedhani kuna mtu anasuka mkeka. Ile ni watoto. Kila mtoto ana ukindu wake. Fundo la kwanza ni kutoka kisigino mpaka chini ya goti, hicho ndicho kimo cha kiti. Fundo la pili ni kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kiwiko, hicho ndicho kimo cha meza. Fundo la mwisho ni pale mkono unapofika bila ya kuinua makalio, na rangi isiwekwe kupita hapo. Nilimuuliza kwa nini hatumii futi kama watu wote. Akasema futi ilibuniwa na mtu asiyekuwa na watoto.

Nawaambia na kuhusu leso. Ukimaliza kupiga msasa, usipapase ukingo kwa mkono wako, mkono wa fundi una sugu, hauhisi kitu. Pitisha leso nyepesi ya kujifunga. Ikinasa uzi hata mmoja, rudi kwenye msasa. Fundi Sudi aliiharibu leso ya mkewe kwa majaribio haya, na mkewe akaja karakana mwenyewe kuidai, tukajificha wote.

Mbao: mwembe ni mwepesi, unafaa kwa meza, lakini ukishika unyevu hupinda. Mwarobaini dudu haliusogelei, ila ukiupiga randa utahisi uchungu kooni mpaka chakula cha usiku. Mvule ni imara, na vumbi lake ndilo lililonileta hapa barazani. Vaeni barakoa. Najua joto. Vaeni.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya hoteli moja ya Diani, kona ya watoto wa wageni. Dada aliyeisimamia alikuwa wa Nairobi, na alitaka kitu cha kuchangamsha, si dawati la mtihani. Tukatengeneza meza ya umbo la kasa, watoto wanaketi katikati ya mapezi, na mgongo wa kasa tukauinamisha kidogo ili shingo zisikunjike na jicho lione karatasi yote. Nilikwenda kuwatazama wakiitumia. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtoto anayechora hakai kama mtoto anayeandika. Anasimama, anapiga magoti, anarudi nyuma kutazama, anarukia upande wa pili kumwonyesha mwenzake kosa lake. Kiti cha kuchorea lazima kimwachie mtoto aondoke bila kung'ang'aniwa. Makopo ya maji yalimwagika hapa na pale, na kila likimwagika alikuja mtu na tambara, akitabasamu. Sikuyatilia maanani yale makopo.

Mwalimu Mbeyu alitujia bila ya kupanga. Alikuwa akifundisha chekechea upande wa Kinango, ameteremka Ukunda kwa shughuli zake, akapita karakana na kuona kasa wa pili amewekwa nje vanishi ikauke.

"Hii ni meza ya kulia?" akauliza.

"Ya kuchorea, mwalimu."

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Wangu wanachorea sakafuni. Wakisimama, magoti yana ramani." Kisha akaacha kucheka, akainama, akajaribu kuketi kwenye pezi. "Mnaweza kututengenezea hizi?"

Nikajibu ndiyo kabla Fundi Sudi hajafungua mdomo. Mbao zilipatikana, na nani alizitoa si hadithi yangu. Tulitengeneza meza zile zile za hoteli, zilizoinama, na nikawapima watoto wote waliokuwepo siku niliyokwenda na ukindu. Tukazipeleka kwa pikapu.

Watoto wa shule ile kila mmoja alikuja asubuhi na kibuyu au kidumu cha maji kutoka kwao, ya uji na ya kunawa. Mwalimu Mbeyu akachota kidogo kwenye ya uji, akagawa kwenye makopo ya kusafishia brashi. Nikajipanga mlangoni kutazama furaha. Meza zimeinama, makopo yakaanza kuteleza. Moja likaanguka, likaangusha la jirani. Hakuna aliyelia. Darasa zima likawa linatazama vile sakafu inavyokunywa. Halafu mvulana mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hayo yalikuwa ya uji."

Ningependelea wangelia.

Siku hiyo hiyo ndipo nilipomjua Umazi. Siku ya vipimo hakuwepo. Mama yake alimleta amembeba mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, akamweka kwenye benchi. Upande wake wa kulia ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, mkono umejikunja, mguu haumtii. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na alikuwa na hamu ya kuchora kuliko wenzake wote, hilo lilionekana kabla hajakaa. Lakini mtu huchora kwa mkono mmoja na kushika karatasi kwa wa pili. Yeye wa pili hana. Kila akipiga brashi karatasi inakimbia. Akaikandamiza kwa kidevu. Akaegemea, benchi likamtupa upande wake dhaifu, Wambua akamdaka. Akapanda tena. Akaanguka tena. Alikuwa tu anapanda.

Mwalimu mkuu alikuwa amekuja kuziona meza mpya. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alimwita mama Umazi pembeni, lakini pembeni ya darasa lile dogo sote tulisikia.

"Mama, gredi ya kwanza watoto wamejaa mpaka dirishani, na mwalimu ni mmoja. Hana mikono ya kumshika mtoto wako. Ikifika siku ya kufunga shule kama hawezi kukaa na kufanya kazi mwenyewe, abaki nyumbani kwanza, akue."

"Akue mara ngapi, mwalimu?" mama akamjibu. "Mwaka jana pia uliniambia akue."

Tulirudi Bongwe na meza moja nyuma ya pikapu, ya kurekebishwa, na Wambua akajaribu kunichangamsha. "Siz, kubali tu tumechemsha. Hiyo ni kitu ya kawaida."

"Sijakubali."

"Haya, hujakubali. Lakini tumechemsha."

Fundi Sudi alisikiliza kila kitu akiwa anakoroga gundi. Kisha akauliza, "Ulimpima?"

"Nani?"

"Huyo mtoto."

"Hakuwepo, fundi."

"Basi hukutengeneza kiti chake. Ulitengeneza kiti, naye akakikuta." Akaendelea kukoroga. Nilitaka anigombeze tumalize, lakini yeye alikuwa hagombezi.

Nikasema mbele ya wote kwamba kabla shule haijafungwa Umazi atakaa na atachora bila kushikwa. Wambua akasema amina. Sikuwa na wazo lolote.

Nilijaribu kumtengenezea kiti cha mikanda. Fundi Sudi alikikalia, akajifunga, akaniuliza kama mtoto amefanya kosa gani. Nikakivunja. Nikajaribu meza yenye kibanio cha kushika karatasi. Karatasi ilitulia, kiti kikateleza. Nikapigilia kiti kwenye meza, vyote viwili vikatembea pamoja. Kila nilichokishika upande huu kiliponyoka upande wa pili, na Idd ikafika, nikaenda nyumbani nikiwa na hasira.

Mamangu hataki kuona mtu amekaa na hasira wakati kuna kazi. Akanipa mbuzi ya kukunia nazi. Nikaketi, nikashika kifuu kwa mikono yote miwili, nikaanza kukuna huku nafikiria Kinango. Nilikuna vibaya, kwa nguvu za bure.

"Kuna nazi," mamangu akasema, "usikune vidole."

Nikatazama vidole. Vyote kumi viko kwenye nazi. Hakuna mkono ulioshika mbuzi. Ule ubao una miguu myembamba, inakunjika kama kitabu, uko juu ya sakafu laini, na bado mimi nasukuma kwa nguvu zangu zote na hauendi popote. Hauendi kwa sababu nimeukalia. Uzito wangu mwenyewe ndio umeushika.

Nikasimama na kifuu mkononi. "Mama, naazima mbuzi."

"Unaipeleka wapi? Na wali?"

"Leo tule mkate."

"Siku ya Idd?" Maneno mengine aliyoyasema siyaandiki, nyinyi ni vijana.

Karakana nilitoa lile jino la chuma, na mahali pake nikaendeleza shingo ya mbao mpaka kifuani pa mtoto, juu yake nikaweka ubao wa kuchorea. Mtoto anakaa, uzito wake unaubana ubao, karatasi imebanwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Kwenye ubao nikatoboa tundu la kopo, kopo linazama mpaka mdomoni, hata mtoto akipiga chafya maji hayamwagiki. Fundi Sudi akasema bismillahi, akakikalia, yeye na mwili wake wote. Nikamuuliza, "Wapi panauma?" Nilikuwa nimeingoja siku hiyo.

Akafikiria. "Roho," akasema. "Kwa nini sikuliona hili mimi?" Kisha akanionyesha mahali paja linapokatwa, nikarudi kwenye msasa.

Tulikwenda Kinango na viti vichache vya kujaribu, nikiwa na uhakika kabisa. Mwalimu Mbeyu akavipanga. Wavulana wote wakasimama ukutani.

"Kaeni," mwalimu akasema.

"Hiyo ni mbuzi," yule wa uji akajibu. "Mimi sikuni nazi. Mimi si mwanamke."

"Si ya nazi, ni ya kuchorea."

"Ni mbuzi."

Nilianza kueleza mambo ya uzito na shingo, na hakuna mtoto aliyewahi kushawishiwa na maelezo kama yale. Wambua akanisogeza, akatandaza miguu, akakalia kimoja, akashika ubao kwa mikono miwili, akanguruma kama pikipiki. "Stage! Stage! Mmoja aende Samburu, mmoja tu!" Ukuta ukabaki mtupu. Kuanzia hapo kwa wavulana jina likawa bodaboda, na mtu asije akawaambia vingine.

Wakati wao wanapigania bodaboda, mama Umazi alikuwa amesimama na mtoto wake, hajamweka. Nilimwendea.

"Mama, mkalishe."

"Dada, huyu ni msichana." Alisema pole pole, kwa adabu, lakini hakuwa anaomba. "Kutanua miguu mbele ya darasa, na sketi hii. Hapana."

"Ni mtoto mdogo, mama."

"Leo ni mdogo. Tabia anaianza leo."

Mnajua subira yangu. "Sasa mama," nikasema, "unataka achore au unataka heshima?"

Akanitazama sawa sawa. "Vyote viwili. Kwani wewe mamako alikuchagulia kimoja?"

Mimi mwenyewe nikikuna nazi hukaa ubavu, miguu yote upande mmoja, leso imebanwa, kama nilivyofundishwa nikiwa na umri wa Umazi. Nilikitengeneza kiti nikiwa nimekaa ubavu maisha yangu yote, na nikakitengeneza cha kutanua miguu. Wasichana wengine pale walikuwa wamekaa ubavu vile vile na kuchora huku shingo zimepindwa kama kuku anayechungulia mtaro. Na Umazi, mama yake alipomjaribisha ubavu, alielemea upande wake dhaifu na kuteremka polepole mpaka chini.

Mama akamwinua, akanipa nimshike, akakikalia kile kiti yeye. Miguu upande mmoja, magoti pamoja. Akanyoosha mkono wa kushoto hewani, mahali ambapo hakukuwa na ubao.

"Hii shingo ingetokea huku," akasema, "mbona angekaa kama mtu."

Nikatoa ukindu. Nilikuwa nimpime Umazi mwenyewe, lakini mama yake aliuchukua mkononi mwangu. Akafunga mafundo, goti, kiwiko, na la mwisho akalifunga huku Umazi ananyoosha mkono na kutuambia, "Zaidi. Nafika zaidi." Tukalifungua tukalisogeza.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mtakapokosea. Shingo ikitoka katikati, uzito wa mtoto unaishika wenyewe. Ukiihamisha ubavuni inajipinda, na kiti kinainuka upande wa pili kama mizani. Ya kwanza ilivunjika mikononi mwangu. Ya pili ilivunjika chini ya Fundi Sudi, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa yeye. Dawa yake ni hii: mguu wa kiti usiishie chini ya mtoto. Upitishe chini ya makalio yake mpaka ukutane na mzizi wa shingo, uwe kipande kimoja, usiunganishe kwa skrubu. Hapo akikaa tu, amejifungia ubao mwenyewe. Upande wake dhaifu ukaongezewa ukuta mfupi uliopinda, wa kuegemeza nyonga, si wa kumfunga. Na shingo iwe ya mvule, mwembe hauwezi.

Mvule huo niliupiga msasa mwenyewe, sikumwachia mtu. Wiki hizo ndipo kifua kilipoanza kutoa sauti.

"Siz, nani anapiga filimbi?" Wambua akauliza.

"Endelea na kazi."

"Ni wewe. Fundi, huyu anapiga filimbi."

Fundi Sudi alikuja akasimama nyuma yangu, akasikiliza kama anavyosikiliza ubao wenye ufa. Akanitoa nje na kazi yangu, akanipa msasa wa maji na ndoo. "Kimalize hiki," akasema, "halafu uende Msambweni. Ukikataa nafunga karakana." Tulijua hawezi kufunga karakana. Lakini nilikwenda Msambweni, na daktari alivyosema nimeshawaeleza.

Siku ya kufunga shule wazazi walikuwa wengi, wamekaa nje kivulini mwa darasa. Tuliteremsha viti, vya bodaboda na vya ubavu, na cha Umazi nikakibeba mwenyewe ingawa Wambua alinikataza. Umazi hakubebwa mgongoni siku hiyo. Alikuja ameshikwa mkono, anaburuza mguu, sketi imepigwa pasi. Mama yake akamkalisha. Miguu pamoja, nyonga imeegemea, shingo ya kiti imetokea kushotoni na ubao uko pale pale mkono wake unapofika. Kopo likazama kwenye tundu. Mwalimu Mbeyu akamtilia maji, kidogo, kama mtu anayetia dawa. Kisha mama yake akarudi nyuma hatua kadhaa, na mikono yake haikujua pa kwenda.

Umazi akachovya. Kwanza alipiga mstari mmoja wa buluu, akangoja. Alikuwa anaingoja karatasi ikimbie. Haikukimbia. Akapiga mwingine, kwa nguvu, akangoja tena. Kisha akasahau kungoja.

Mwalimu mkuu alipita akikagua, akafika mbele yake akasimama, mrefu, na mikono nyuma. Akasimama sana. Mama Umazi aliishika leso yake kwa meno. Mimi nilikuwa napumua ile filimbi yangu na sikuweza kuizima.

"Mwalimu," Umazi akasema bila kuinua kichwa, "unaniziba."

"Nini?"

"Mwanga."

Mwalimu mkuu akatazama kivuli chake juu ya karatasi. Akasogea kando. Alikaa pale kando muda mrefu, akitazama mkono ule wa kushoto unavyokwenda na kurudi kwenye kopo, na hakuna tone lililoanguka. Halafu akanigeukia. Nilitegemea aniulize mambo ya mtoto.

"Kinakunjika?" akauliza.

"Kinakunjika, mwalimu. Kama mbuzi."

"Kikikunjwa ni hivi tu?"

"Hivi tu. Unakitundika msumarini."

Akapima kwa mikono hewani, akageuka kuelekea lile darasa la gredi ya kwanza lililojaa mpaka dirishani. "Basi nafasi itapatikana," akasema. "Mama Umazi, shule ikifunguliwa mlete. Na kiti chake."

Mama alikwenda kuivuta sketi ya mwanawe chini ya magoti, ingawa ilikuwa imekaa sawa, akairudia kuivuta, na Umazi akamwambia, "Mama, unanitikisa."

Hilo ndilo nililotaka kuwaandikia. Mengine mtajifunza kwa Fundi Sudi, mkikubali kukaa.

Ila Mwalimu Mbeyu amenipigia simu. Umazi yuko gredi ya kwanza, anachora, anaandika, anagombana na wavulana. Magoti yake yameanza kupanda, amelipita fundo. Anakaa amejikunja lakini hataki kusema, anaogopa kiti kikiondolewa na yeye ataondolewa. Kwa hiyo Kassim, Rehema, ukindu wake ni ule wa mlangoni, kwenye msumari wa peke yake. Uchukueni muende Kinango, mumpime upya, na mama yake ndiye afunge mafundo. Shingo iwe ya mvule, mguu uwe kipande kimoja. Mkimaliza mpitishe leso.

Na msipokwenda nitakwenda mwenyewe na filimbi yangu, na nitakuja kufanyia kazi karakana, katikati yenu, bila barakoa, ili mnisikie.